Machungwa Moja, Yuko Zamu

Fundi cherehani wa kitanda cha sita alikuwa amemshonea mwanawe kofia tatu, na mwanawe mwenyewe hajamtia machoni. Kofia ya kwanza ingekaa vizuri kwenye chungwa. Ya pili kwenye ndimu. Ya tatu aliikisia katikati ya hizo mbili, akaniambia, "Moja hapo lazima imkubali. Zikimkataa zote, basi kichwa ni cha baba yake, na hapo sina msaada."

Alisema hayo akiwa chali, mto mmoja chini ya magoti, sindano na uzi kifuani. Alijifungua kwa upasuaji siku nne nyuma, kabla ya miezi kutimia, na kesho yake homa ikamshika. Daktari akasema havuki barabara mpaka homa imwachie siku mbili mfululizo. Na mtoto yuko ng'ambo ya barabara. Ndivyo kituo kile cha afya kilivyokaa: kina mama jengo la zamani upande huu, watoto njiti jengo jipya upande ule, ndani ya chumba cha joto ambacho simu ya mkononi haiingii kwa kuogopa vijidudu. Kwa hiyo hata picha ya kuibia hapati. Anachopata ni muuguzi anayepita jioni na kumwambia mtoto anaendelea vizuri.

"Vizuri ndiyo nini?" aliniuliza. "Mteja akija kuulizia gauni lake na sijalikata hata kipande, mimi humwambia linaendelea vizuri."

Nilicheka. Nina wa kwangu wa miaka minne, na siku aliyozaliwa nilimhesabu vidole mara mbili kabla sijakubali kulala.

Mimi ndiye niliyetumwa kumletea macho. Kazi yenyewe ilikuwa kamera moja juu ya kila kisanduku cha joto kule ng'ambo, na vishikwambi vitatu wodini upande huu, ili kila mama amwone wake. Bosi wangu alikuwa na kazi nyingine mbali, akaniambia, "Hii ni yako. Usinipigie mpaka moshi utoke." Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni miezi miwili tu nyuma, cheti changu bado kinanukia wino.

Kamera na vishikwambi havitambuani mpaka viwe kwenye mtandao mmoja, wa peke yao, usiochanganyika na kompyuta za mapokezi wala simu za mezani. Mtandao wa namna hiyo tunauita VLAN. Ni kama chumba cha faragha ndani ya nyumba yenye watu wengi. Tofauti ni kwamba chumba changu mimi nusu yake ilitakiwa iwe upande huu wa barabara na nusu upande ule. Kuziunganisha nusu hizo niliweka njia mbili: waya wa kioo uliofukiwa chini ya barabara, na antena mbili zinazotazamana juu ya mapaa. Watu wa maji wanaichimba barabara ile kama wana hazina yao chini. Wakikata waya, antena ipo.

Njia mbili ni neema, ila zikifunguka zote kwa pamoja ni balaa. Vyombo vya mtandao vina tabia ya kupaza sauti. Kamera ikiwaka huuliza wote waliomo, "Nani yupo?" Swichi, yaani kile chombo chenye matundu mengi kinachogawa njia, hulirusha swali hilo kila upande. Kila jengo lina swichi yake. Swali likivuka kwa waya wa chini, swichi ya ng'ambo italirusha kila upande pia, wa antena ukiwemo, na litarudi lilikotoka likiwa na sura ya swali jipya. Litarushwa tena. Kufumba na kufumbua, maswali milioni yanaizunguka barabara, hakuna anayemsikia mwenzake, na simu za mezani zinakosa pumzi kama watu waliobanana mlangoni.

Dawa yake niliielewa darasani kabla ya wenzangu wote, wala si kwa akili nyingi. Ni kwa sababu ya mama mkwe. Binti yangu, ambaye kwa wingi wa maneno yake tunamwita Chiriku, alipoanza shule ya chekechea niliwaomba watu wawili wamfuate mchana: bibi yake na baba yake, nipate uhakika. Siku ya kwanza walikwenda wote, wakagombea kumbeba. Siku ya pili hakwenda mtu, kila mmoja akijua mwenzake yuko njiani. Mwalimu alinipigia, nikamkuta Chiriku kizingitini amekumbatia begi, anamhadithia paka wa jirani jinsi alivyo yatima.

Mama mkwe alituweka chini jioni ile. "Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema. "Nitakwenda mimi. Saa tisa na nusu nikishamshika mkono, nawabipu. Baba Chiriku, ukiona bipu, kaa ulipo, endelea kunyoa watu wako. Usipoiona, acha hata kichwa nusu, uende."

"Na mteja wangu?"

"Atajifunga kitambaa."

Basi na swichi ni hivyo hivyo. Zinakubaliana njia moja ipite na ya pili ifungwe, kisha zinabipiana kila sekunde mbili: nipo, nipo, nipo. Bipu ikikosekana, njia iliyofungwa inafunguka. Njia inayopita huonyesha taa ya kijani. Iliyofungwa, ile inayokaa zamu na viatu mguuni, huonyesha taa ya rangi ya machungwa.

Jumatatu nilimaliza kufunga. Wauguzi wa ng'ambo walilalamika jambo moja tu, kwamba kamera ikizimwa na kuwashwa huchukua nusu dakika kabla ya picha kutokea. "Kamera zako zina usingizi," walinitania. Ni swichi tu, husikiliza kwanza kama kuna bipu kwenye tundu kabla ya kulifungua. Nikataka kuwafurahisha. Matundu yote ya kamera, pamoja na mawili ya akiba, nikayaamuru yasisikilize wala yasibipu: kikichomekwa kitu, fungua papo hapo. Humo zitakaa kamera tu, nilijiambia.

Jumanne saa nane mchana, simu zote za kituo zikafa. Majengo yote mawili. Mapokezi wakabaki wameshika mikono ya simu kama watu waliopewa samaki. Nilikimbia huku na huku, nikachomoa nyaya zote, nikazirudisha moja moja kwa kufuata mchoro wangu, kila moja tundu lake. Zikapona. Kwa nini ziliugua, sikujua, na hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Sista mkuu, mkuu wa wauguzi, hakupandisha sauti. Yeye huwa anaishusha. "Binti," alisema, "leo nilikuwa na mama anatoka damu na sikuweza kumpigia daktari, nilimtuma mfagizi akimbie. Zikikata tena, unang'oa kamera zako zote, unakwenda nazo nyumbani. Kesho saa kumi alasiri nitakuja kuangalia. Ikiwa salama, zibaki."

Kitanda cha sita alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa anakunja kofia ya ndimu, anaikunjua, anaikunja tena. "Hiyo kesho," aliniuliza, "inaendelea vizuri?"

Jumatano nilifika mapema. Nilivuka barabara mara tano kabla ya saa sita, nikichungulia kabati la swichi la huku na la kule. Kijani moja, machungwa moja, kama inavyotakiwa. Saa nane na dakika tano nilikuwa wodini naweka kishikwambi kwenye kishikizo kando ya kitanda cha sita, muuguzi wa zamu akanyanyua simu, akaisikiliza, akanitazama. Aliirudisha taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Nilivuka mara ya sita bila kuangalia magari. Kabati la jengo jipya liko nyuma ya chumba cha kufulia. Nililifungua: taa zote zilikuwa kijani. Zote. Zinameta kama zimemwagiwa mafuta, zinapepesa kwa pamoja kama jicho lililoingiwa na mchanga. Hakukuwa na machungwa hata moja. Waya wa antena haukuwa kwenye tundu lake. Ulikuwa kwenye tundu la akiba la kamera.

Niliuchomoa. Taa zikatulia palepale. Kwa mbali nikasikia simu ya mapokezi ikilia, na mtu akiitikia kwa shukrani.

Pembeni ya kabati, kwenye msumari, lilining'inia daftari lenye kamba. Nilikuwa nimeliona siku zote nikidhani ni la sabuni. Nikalifungua. Mwandiko mnyoofu, kila siku mstari mmoja, saa nane kamili: *Taa zote kijani.* Kurasa na kurasa. Halafu Jumanne: *Taa moja mgonjwa, rangi ya machungwa. Nimemtibu. Taa zote kijani.* Na leo: *Mgonjwa wa jana amerudia. Nimemtibu. Taa zote kijani.*

Funguo zililia nyuma yangu. Mtunza jengo lile tunamwita Waziri, kwa sababu ana funguo arobaini kiunoni na hapiti mahali kimya kimya. Alikuwa amesimama na uso wa mtu anayengojea kupongezwa.

"Umeona, mwanangu?" alisema. "Nilijua unahangaika na sista, nikasema nisikuongezee. Nilikuta taa yako moja imebadilika rangi. Nikaujaribu ule waya tundu la pili, akapona hapo hapo."

"Nani alikufundisha, mzee?"

"Fundi aliyekuwa kabla yako. Alinambia kijani ni uzima, machungwa ni ugonjwa. Miaka saba naziangalia. Sijawahi kuacha hata moja ilale inaumwa."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mtu ameamka miaka saba kujulia hali taa zisizo zake.

"Alikwambia kweli," nikamjibu. "Ila yeye alikuwa na njia moja. Sasa tuna mbili." Nikamweleza habari ya maswali yanayozunguka barabara, na ya bipu, na ya mama mkwe pia, maana bila yeye haielezeki. Alisikiliza ameshika kiuno kuzuia funguo.

"Kumbe yule wa machungwa hakuwa mgonjwa," alisema polepole.

"Yuko zamu."

"Na mimi nikamwingiza kazini na mwenzake hajatoka." Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Kwa hiyo yule mama wa jana, aliyekosa daktari. Ni mimi."

Sista mkuu alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. "Nani kagusa?" aliuliza kwa ile sauti yake ya chini.

Waziri alianza kunyanyuka. Kwa mara ya kwanza funguo zake hazikulia, au labda mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Ningeweza kunyamaza. Angesema mwenyewe, na yangeishia kwake. Lakini tundu lile lingekuwa linasikiliza, lingezisikia bipu za ng'ambo na kujifunga lenyewe, na alasiri ile Waziri angebaki ameshika waya usiowaka.

"Waya umehamishwa, Sista, kwa nia njema," nikasema. "Aliyeacha mlango wazi ni mimi. Niliyaziba masikio matundu yale ili picha zije haraka. Nilitaka nisifiwe na wauguzi."

Alinitazama, akamtazama Waziri, akalitazama daftari mkononi mwangu. "Saa ngapi sasa?"

"Nane na robo."

"Nilisema saa kumi. Sijasema nimebadilisha."

Nilikaa sakafuni na laptopu mapajani. Matundu yote ya kamera niliyapa amri mpya: fungua haraka kama ulivyozoea, lakini tega sikio, na ukisikia bipu hata moja, jifunge na uniite. Kisha nikamwomba Waziri achukue waya wa antena auchomeke kwenye lile lile tundu la akiba.

"Niue watu tena?"

"Chomeka, mzee."

Alichomeka kama anayemgusa nyoka. Taa ikamulika, ikazima, tundu likafa kimya. Simu za mapokezi ziliendelea kulia. Waziri aliinama akalitazama tundu kwa karibu sana. "Limenikatalia," alisema, na nadhani alifurahi. Akaurudisha waya nyumbani kwake. Taa ikawa machungwa. Akakaa nayo muda, kama mtu anayejilazimisha kuzoea sura ya mkwe.

"Sasa kwenye daftari nitaandika nini?"

"Andika unachokiona. Ila ukikuta zote kijani, nipigie mbio."

Saa kumi kasoro dakika kumi wodini palikuwa pamejaa. Waliotakiwa kulala walikuwa wameketi, na hata walioruhusiwa jana walikuwa wamerudi, eti wamesahau kitu. Niliwasha kishikwambi cha kitanda cha sita. Kilionyesha weusi, kikaonyesha weupe, kisha kikamwonyesha mtoto.

Alikuwa amelala ubavu, ngumi moja chini ya kidevu, mrija mwembamba puani, na kofia ya kati kichwani, ile ya kukisia. Mama alikuwa amezituma ng'ambo asubuhi ile, na wauguzi walikuwa wamezijaribu zote.

Fundi cherehani alinyoosha kidole akakisimamisha hewani, hakukigusa kioo. Kifua cha mtoto kilipanda, kikashuka. Cha mama kikasimama kidogo kukingoja, kikafuata.

"Ana kidevu changu," akasema mwishowe. "Baba yake hana hata cha kuazima."

Sista mkuu alinyanyua simu ya mezani ya wodi. "Huyu binti ananiambia njia moja ikifa, ya pili inaamka," alitangaza. "Mambo ya kuambiwa nimeyachoka tangu jana. Waziri? Chomoa ule wa chini. Ndiyo, huo. Chomoa."

Picha ikasimama.

Ilisimama mtoto akiwa ameanza kupiga mwayo, mdomo nusu wazi, kifua kimepanda na hakishuki. Niliposikia kishindo cha kitanda ndipo nilipojua kosa langu la pili wiki ile: sikuwa nimemwambia mama.

"Amefanyaje?" Alikuwa amejiinua kwa viwiko, mshono na homa vyote kavisahau. "Mbona hapumui?"

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto. "Anapumua. Yeye hajasimama, iliyosimama ni picha. Niangalie mimi. Swichi zangu ni za zamani, zinataka nusu dakika. Hesabu na mimi."

Hakuhesabu. Alianza kuongea naye. Alimwambia asiwe na haraka, kwamba mwayo ni wake, aupige atosheke. Alimwambia kuna shati la kijivu kabatini nyumbani, lenye kitambaa kizuri cha kukata suruali yake ya kwanza, na baba yake hajui. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu, kumi na tisa, ishirini, na ndani ya kila namba nilimwona Chiriku wangu akiwa kizingitini na begi. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Sista mkuu alikuwa bado ameshikilia mkono wa simu sikioni.

Thelathini. Thelathini na moja.

Mwayo ukaisha. Alishaumaliza zamani bila sisi, alikuwa tayari kafumba mdomo na kageukia upande wa pili. Kifua kikapanda, kikashuka.

Wodi nzima ilitoa pumzi. Kwenye simu tulimsikia Waziri akisema peke yake, kwa mshangao mtulivu, "Amegeuka kijani. Ameingia zamu mwenyewe."

"Rudisha wa chini," sista mkuu akamwambia. Alikata, akanigeukia. "Zibaki. Na siku nyingine utakapotaka kusimamisha mtoto wa mtu, anza na mama."

"Ndiyo, Sista."

"Mimi pia," akaongeza, na akamrudishia kitanda cha sita shuka lililokuwa limeanguka.

Fundi cherehani alikuwa haondoi macho kwenye kioo. Alikunja uso, akasogea, akakunja zaidi. Nikaogopa. "Kuna nini?"

"Mshono wa nyuma umemkalia sikioni. Alipogeuka ile kofia imezunguka. Utamchora."

Sista mkuu alinyanyua simu tena, akapiga chumba cha joto. Aliongea maneno matatu. Tukangoja. Kwenye kioo mkono wenye glavu ukaingia kupitia tundu la kisanduku, ukaishika kofia kwa vidole viwili, ukaizungusha polepole mpaka mshono ukakaa kisogoni. Mtoto akakunja pua.

"Hapo," mama yake akasema. "Mwache hapo hapo."

Nilivuka barabara kwa mara ya mwisho kuchukua mkoba wangu. Kabati lilikuwa limefungwa, na daftari liko kwenye msumari. Chini ya mstari wa saa nane, uliofutwa kwa mkato mmoja, Waziri alikuwa ameandika: *Saa kumi na robo. Kijani zote ila moja. Machungwa moja, yuko zamu.*

Nilitoa simu mfukoni. Tangu saa tisa na nusu kulikuwa na bipu moja ya mama mkwe, na ujumbe wa baba Chiriku: *Nimeiona. Nimekaa. Namaliza kichwa.*